Usugu wa chawa wa salmoni, na vizimba tunavyotaka kuvileta pwani

Kila ufugaji wa samaki baharini unapojadiliwa hapa Mombasa, iwe ni ukumbini mbele ya maafisa wa uvuvi au barazani baada ya swala ya alasiri, haichukui muda kabla ya mtu kuitaja Norwei. Hutajwa kama ushahidi kwamba bahari inaweza kufugiwa samaki kwa wingi, na ushahidi huo ni wa kweli, kwa maana nchi hiyo yenye watu wachache huvuna takriban tani milioni moja na nusu za salmoni wa kufugwa kila mwaka, na nyuma yake wamo Chile, Uskoti, Kanada na Visiwa vya Faroe. Kinachokosekana katika mazungumzo hayo ni habari za chawa. Mimi ni daktari wa mifugo, nimetibu ng'ombe na mbuzi wa Kwale na Kilifi kabla ya kuingia katika mabwawa ya samaki, na kila ninaposoma habari za chawa wa salmoni naiona historia ya kupe wetu, waliokuja kuwa sugu kwa dawa za josho, ikijirudia katika maji baridi ya kaskazini. Hoja yangu ni kwamba dawa walizotumia wenzetu hazikushindwa kwa kuwa zilikuwa dhaifu. Zilishindwa kwa sababu ufugaji wenyewe ulipangwa kwa namna ambayo usingeweza kuendelea hata msimu mmoja bila dawa, na sisi ambao bado hatujazijaza hori zetu vizimba tungali na nafasi ya kupanga vingine.

Chawa huyu si jamaa wa chawa wa kichwani. Yuko katika ukoo mmoja na kamba na kaa, jina lake la kitaalamu ni Lepeophtheirus salmonis, na huko Chile nafasi yake imeshikwa na Caligus rogercresseyi. Jike aliyekomaa ana urefu wa takriban sentimita moja, na nyuma yake huburuta nyuzi mbili za mayai, kila uzi ukiwa na mamia ya mayai. Zikishaanguliwa hutoa jozi nyingine, na nyingine tena. Viluwiluwi vinavyotoka humo huelea na mikondo ya maji bila kula chochote, vikiishi kwa akiba ya kiini cha yai, na visipompata samaki wa kumshika kabla ya akiba hiyo kwisha hufa. Vikimpata, hujishikiza na kujivua gamba hatua kwa hatua, hadi kuwa chawa wanaotembea juu ya mwili wa samaki wakila ute, ngozi na damu. Safari yote kutoka yai hadi utu uzima ina hatua nane, na katika maji ya nyuzi 10 humchukua dume wiki sita hivi na jike zaidi ya wiki saba. Maji yakipata joto, muda huo hufupika. Msomaji wa Mombasa, ambaye bahari yake ni ya nyuzi 25 na zaidi karibu mwaka mzima, na aliweke hilo akilini, kwa kuwa usugu huhesabiwa kwa vizazi wala si kwa miaka.

Salmoni wa porini mwenye chawa wawili watatu huishi nao. Kizimbani mambo hubadilika, kwa sababu sheria ya Norwei inaruhusu samaki hadi 200,000 katika kizimba kimoja, na kiluwiluwi ambacho baharini kingetangatanga hadi kufa hapo kinakutana na mwenyeji wake kila upande. Majeraha yanayoachwa na chawa wengi huingiza maradhi mengine, samaki hupoteza maji na chumvi za mwili, na wadogo wanaotoka mitoni kwenda baharini kwa mara ya kwanza hudhurika kuliko wote. Ndiyo maana serikali ya Norwei huwalazimisha wafugaji kuhesabu chawa mara kwa mara, na wastani hauruhusiwi kuzidi jike mmoja aliyekomaa kwa kila samaki wawili. Katika majira ambayo vifaranga wa porini hushuka baharini, kikomo hushushwa hadi 0.2 kwa samaki. Ni kikomo kikali, nami nakiunga mkono, ingawa kina athari moja ambayo waliokitunga bila shaka hawakuitaka: mfugaji anayekikaribia hulazimika kutibu haraka, na akikikaribia tena baada ya wiki chache hutibu tena.

Dawa zilianza kutumika mapema. Miaka ya 1970 wafugaji wa Norwei walitumia triklofoni, ya jamii ya oganofosfati, na katika miaka ya 1980 ikafuata diklovosi ya jamii hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Uskoti walikwisha kuonyesha kwamba wako chawa wasiokufa kwa diklovosi. Yakaja piretroidi, yaani sipamethrini na deltamethrini, ikaja haidrojeni peroksaidi, na kuelekea mwaka 2000 ikaja emamektini, ambayo huchanganywa na chakula cha samaki. Kila moja ilipokewa kwa matumaini makubwa na ilifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa. Kila moja ilipoanza kulegea, wengi waliongeza kipimo au kufupisha muda kati ya tiba na tiba, na hilo ndilo jambo linaloharakisha usugu kuliko yote.

Hakuna chawa anayejifunza kustahimili dawa. Katika kundi la mamilioni daima wamo wachache ambao jeni zao, kwa bahati tu, zina tofauti ndogo inayowaokoa na kipimo kinachowaua wenzao. Pasipo dawa, tofauti hiyo haina faida yoyote kwao, na mara nyingine huwapunguzia nguvu. Dawa ikimwagwa hufanya kazi ya chekecheke: walio wengi hupita matunduni wakapotea, wachache hubaki juu, na hao waliobaki ndio watakaotaga mayai ya kizazi kinachofuata. Kadiri dawa inavyoua wengi ndivyo waliosalia wanavyopata nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo mafanikio ya mwaka wa kwanza hayatoi hakikisho lolote kwa mwaka wa tano.

Kwa oganofosfati tofauti hiyo inajulikana kwa undani. Dawa hizi huua kwa kukizuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara baada ya neva kuipitisha. Kikizuiwa, ishara hazizimiki na kiumbe hupooza. Mwaka 2015 watafiti wa Norwei walieleza kwamba chawa wasugu wana badiliko moja katika jeni ya kimeng'enya hicho: katika nafasi ya 362 ya protini, asidi amino ya fenilalanini imeondoka na mahali pake pamekaa tairosini. Chawa aliyelirithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hustahimili kiasi, na aliyelirithi kwa wazazi wote wawili hustahimili zaidi. Jamii hii ya dawa ilikuwa imewekwa kando nchini Norwei kwa takriban muongo mmoja, kisha azamethifosi ikarudishwa mwaka 2008 kwa kutumaini kwamba muda wa mapumziko ulikuwa umewarudisha chawa katika hali yao ya zamani. Haikuchukua miaka mingi usugu ukaenea upya, kwa kuwa jeni ile haikuwa imekwisha; ilikuwa imepungua tu. Madaktari wa mifugo wanaopendekeza kupokezana dawa, nami nikiwa mmoja wao, wanapaswa kulitafakari jambo hili kwa uzito. Kupokezana huchelewesha usugu, lakini mara jeni ya usugu inapokuwa imeenea katika kundi, kuipumzisha dawa hakuifuti.

Habari ya piretroidi inatuhusu moja kwa moja. Kemikali hizi zilibuniwa viwandani kwa kuiga sumu iliyomo katika maua ya pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kulizalisha kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wabunifu walizifanya zisiharibiwe upesi na jua kama sumu ya ua lenyewe. Deltamethrini inayomwagwa juu ya salmoni ndiyo deltamethrini iliyomo katika vyandarua vingi tunavyolalia, na ni jamii hiyohiyo ya dawa inayouzwa katika kila agroveti kwa ajili ya kuogeshea ng'ombe. Mbu wetu wameshapata usugu wake. Mwaka 2000 watafiti walieleza badiliko la jeni katika mbu Anopheles gambiae wa Kenya linalobadilisha mlango wa sodiamu katika neva, mahali ambapo dawa hushika. Mbu wengine huivunja dawa kabla haijawaua, na ndiyo sababu baadhi ya vyandarua vya siku hizi vimetiwa kemikali ya pili, piperonili butoksaidi, inayodhoofisha uwezo wa mbu wa kuivunja dawa mwilini mwake.

Katika chawa wa salmoni, hata hivyo, usugu wa deltamethrini umepatikana kwa njia isiyo ya kawaida, na hapa ndipo ninapoona funzo zito zaidi katika habari hii yote. Majaribio ya kuzalisha chawa wasugu na wasio wasugu maabarani yameonyesha kwamba usugu huu hurithiwa zaidi kwa mama, ukiambatana na jeni za mitokondria, yaani viungo vidogo vya seli vinavyoipatia nguvu, jeni ambazo karibu viumbe vyote huzipata kwa mama pekee. Maana yake ni kwamba jike sugu akipandwa na dume yeyote, hata dume aliyetoka kwa salmoni wa porini asiyewahi kuguswa na dawa, watoto wake huzaliwa na usugu. Katika usugu wa kawaida, chawa wa porini wanaoingia kizimbani huchanganya damu na kuupunguza nguvu usugu wa kizazi kinachofuata. Huu wa mitokondria haupunguzwi namna hiyo. Ukoo wa jike mmoja unaweza kuendelea bila kupunguka, kizazi baada ya kizazi, mradi tu dawa inaendelea kuwaondoa majike wengine.

Emamektini nayo ina undugu na dawa tunayoifahamu vizuri pwani. Ni ya jamii moja na ivamektini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani, ambayo kwayo Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Wakazi wa Jomvu waliimeza mwaka 2018 katika kampeni ya kutokomeza matende, na Kwale baadaye ikawa mahali pa utafiti mkubwa wa kuona kama ivamektini iliyomo katika damu ya watu inaweza kupunguza malaria kwa kumuua mbu anayewauma. Kwa salmoni, kipimo cha emamektini ni mikrogramu 50 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, kwa muda wa siku saba, ndani ya chakula. Udhaifu wa njia hii unaonekana na yeyote aliyewahi kulisha mifugo kwa kundi: anayekula sana hupata dawa nyingi, na mgonjwa asiyekula hupata kidogo, naye mara nyingi ndiye mwenye chawa wengi. Chawa wake huonja dawa bila kufa.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa jeni za chawa 576 kutoka mashamba 12 yaliyotapakaa katika Atlantiki ya Kaskazini. Watafiti waliona kwamba chawa wa bahari hiyo yote ni kama kundi moja linalochanganyikana, na kwamba usugu wa emamektini kwa dalili zote ulianzia mahali pamoja, kisha ukasambaa kuvuka bahari kati ya mwaka 1999, dawa ilipoanza kutumika, na mwaka 2010, sampuli zilipokusanywa. Niliposoma hayo nilifikiri juu ya wafugaji waliokuwa wakitumia dawa kwa uangalifu, kwa kipimo sahihi na kwa kuandika kila kitu katika daftari, ambao bado walipokea chawa wasugu kutoka kwa jirani aliye ng'ambo ya bahari. Josho la ng'ombe lina kuta, na malisho yana mipaka hata kama hayana ua. Maji hayana.

Kuna pwani moja ambayo mambo yalikwenda polepole zaidi, nayo ni British Columbia, upande wa Pasifiki wa Kanada. Huko emamektini iliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya kushindwa katika Atlantiki, ingawa wafugaji walitumia dawa hiyohiyo dhidi ya chawa wa spishi hiyohiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Pasifiki ina salmoni wengi sana wa porini, na chawa wanaoishi juu yao hawajawahi kuonja dawa. Kila mwaka samaki hao hurudi pwani na chawa wao, ambao huchanganyika na wale wa vizimbani na kuzipunguza jeni za usugu. Norwei haina akiba kama hiyo: samaki waliomo vizimbani wanahesabiwa kwa mamia ya milioni, ilhali salmoni wa porini wanaorudi katika pwani yake kwa mwaka hawazidi sana nusu milioni. Karibu kila chawa wa pwani hiyo huzaliwa juu ya samaki wa kufugwa, na kwa hiyo karibu kila chawa ana mababu waliopitia dawa. Kwa maoni yangu uwiano huu, wa samaki wa porini kwa wale wa kufugwa, unaeleza mengi kuliko orodha yoyote ya dawa, na ajabu ni kwamba hautajwi kabisa katika mipango ya biashara ninayoletewa nisome.

Baada ya mwaka 2014 matumizi ya dawa nchini Norwei yalianza kushuka, na njia zisizo za dawa zikachukua nafasi. Samaki hupitishwa katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 28 hadi 34 kwa nusu dakika au pungufu, husafishwa kwa mkondo wa maji wenye nguvu, huogeshwa maji yasiyo na chumvi, au huwekewa samaki wasafishaji wanaowala chawa, kama wale ambao mpiga mbizi huwaona wakihudumia samaki wakubwa kwenye miamba ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Nisingependa mtu adhani kwamba hapo tatizo limekwisha. Maji ya zaidi ya nyuzi 28 huwaumiza salmoni waziwazi, wakirukaruka na kujigonga, na vifo baada ya tiba hizi vimekuwa vingi. Samaki wasafishaji nao wametumiwa kwa makumi ya mamilioni kwa mwaka, na wengi wao hufia vizimbani. Zaidi ya hayo, watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba koo za chawa hutofautiana katika kustahimili joto, na pale palipo na tofauti ya kurithi, chochote kinachoua walio wengi kitawachagua waliobaki. Mwaka 2021 Norwei iliruhusu imidaklopridi, dawa ambayo Umoja wa Ulaya ulikwisha kuizuia mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki, kwa sharti kwamba maji ya tiba yachujwe kabla ya kurudishwa baharini. Sharti hilo ni zuri, lakini gharama yake haiwezi kubebwa na kikundi cha vijana wa Jomvu.

Kwa sisi wa pwani hii kuna jambo la kutisha kuliko hasara ya mfugaji mwenyewe. Chawa wa samaki ni ndugu wa kamba na kaa, kwa hiyo dawa yoyote inayomuua yeye ina nguvu ya kuwaua wao. Emamektini ilipolegea huko New Brunswick, upande wa mashariki wa Kanada, sipamethrini ambayo haikuruhusiwa huko ilimwagwa baharini, na kati ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwaka 2010 wavuvi walikuta kamba wakubwa wamekufa. Mwaka 2013 kampuni iliyohusika ilikiri na kuamriwa kulipa dola 500,000. Katika hori za Tudor, Port Reitz na Mtwapa, mikoko ndiyo kitalu cha kamba wetu na makao ya kaa. Familia zinazoishi kwa kamba na kaa ni nyingi kuliko zitakazowahi kumiliki kizimba, na hakuna atakayewaarifu siku dawa itakapomwagwa.

Haya si mawazo ya mbali. Pwani yetu hufuga mwatiko na mkizi katika mabwawa yaliyochimbwa nyuma ya mikoko, yanayojazwa maji wakati wa bamvua, na vifaranga wengi hukusanywa baharini, wakija na vimelea walivyo navyo. Jenasi ya Caligus ina zaidi ya spishi 200, nyingi zikiwa za bahari za joto, na huko Ufilipino, ambako mwatiko amefugwa kwa karne nyingi, chawa hao wamewahi kuwasumbua mwatiko wakubwa wa kuzalishia hata wakatibiwa kwa triklofoni ileile iliyotumika Norwei. Kando ya hori ya Mtwapa, mwenyekiti wa kikundi kimoja, mama mtu mzima aliyejenga bwawa lake kwa jembe na mikono, alinionyesha samaki wenye madoa mekundu kwenye mapezi, akaniambia, "Mwanangu, wewe nitajie jina la dawa tu, duka nitalitafuta mwenyewe." Nilimjibu, "Mama, kabla ya dawa tuwahesabu kwanza." Hakupendezwa na jibu langu, nami naelewa sababu, kwa kuwa samaki walikuwa wake na hasara ingekuwa yake. Ila dukani angeuziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya ng'ombe, na maji ya bwawa lile hurudi horini kila anapolifungulia.

Tulipowahesabu tuliona chawa wachache tu, na madoa mengi yalitokana na msongamano na maji yaliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Bamvua iliyofuata ilisaidia kuliko dawa yoyote. Lau angenunua dawa siku ile, angeamini kwamba ndiyo iliyoponya, na angeirudia mwaka hadi mwaka.

Mwatiko ana sifa ambayo salmoni aliye kizimbani hana kwa kiwango hicho: huishi katika maji ya chumvi kali, maji ya chumvi kidogo na hata maji baridi yasiyo na chumvi kabisa, na hubadilishwa kutoka moja hadi jingine bila taabu kubwa. Chawa wengi wa baharini hawawezi. Kuwatoa samaki wachache wachache na kuwaweka katika pipa la maji ya kisima, mtu akiwa amesimama hapo kuangalia wanavyopumua, ni tiba isiyoacha sumu horini. Haifai kila mara, kwa sababu baadhi ya spishi za Caligus zimezoea midomo ya mito ambako chumvi hupanda na kushuka, na kwa sababu kuirudia tiba moja bila kikomo kutawachagua wanaoistahimili, kama nilivyoeleza juu ya joto. Tena maji yasiyo na chumvi ni ya shida hapa mjini, jambo ambalo mkazi yeyote wa Kisauni analijua.

Kwa hiyo ninayatilia mkazo zaidi mambo yanayofanywa kabla chawa hajaonekana. Bwawa likishavunwa, likaushwe kabisa hadi udongo upasuke, kwa kuwa kimelea kinachomtegemea samaki hakina pa kusubiri. Na mabwawa yanayotumia mkondo mmoja yakaushwe kwa wakati mmoja, si kila mtu kwa ratiba yake. Chile ililazimika kulifanya jambo hili kwa sheria baada ya maradhi ya virusi kuangamiza salmoni wake kuanzia mwaka 2007: mashamba yaligawanywa katika mitaa ya bahari, na kila mtaa hupumzishwa wote kwa pamoja. Samaki wa rika tofauti wasichanganywe katika bwawa moja, kwa sababu wakubwa huwaambukiza wadogo. Na ikiwa siku moja vizimba vitaruhusiwa katika maji ya wazi, kama vilivyoongezeka kwa kasi kubwa kule Ziwa Viktoria, tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria tayari inaidai, ieleze waziwazi ni samaki wangapi wa porini wa spishi hiyo au jamaa zake wanaishi katika eneo hilo, ni umbali gani utakaokuwapo kati ya shamba na shamba kwa kufuata mikondo ya kusi na ya kaskazi, na ni idadi gani ya samaki ambayo eneo hilo halitaruhusiwa kuipita hata biashara ikishamiri. Wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao makao yao makuu yako hapa Mombasa, wana ujuzi wa kuyapima mambo hayo. Wapewe nafasi ya kuyapima kabla ya kibali, si baada.

Norwei ilianzisha mpango wa taifa wa kufuatilia usugu wa chawa mwaka 2013, wakati jamii karibu zote za dawa zilikuwa tayari zimepungua nguvu. Sisi tunaweza kuanza tukiwa hatuna usugu wa kufuatilia, kwa kuandika tu hali ilivyo sasa. Daftari ninalowapa wafugaji lina safu za tarehe, hali ya maji, idadi ya samaki waliotazamwa na idadi ya chawa waliopatikana, pamoja na safu moja ya kuandika chochote kilichotiwa bwawani, hata kikiwa chokaa. Samaki kumi wanatosha kwa bwawa dogo, wakivuliwa kwa kimia na kuangaliwa chini ya mapezi na nyuma ya vifuniko vya matamvua kabla hawajarudishwa majini, maana chawa wanaotembea huanguka upesi samaki akishikwa ovyo. Idadi ikipanda mara mbili mfululizo, hapo mfugaji amwite daktari na kuwaarifu majirani wa mkondo uleule siku hiyohiyo. Kikundi chochote kati ya Mtwapa na Gazi kinachotaka kuanza kinaweza kulichora daftari hilo kama nilivyolieleza, na kikianza kabla ya masika kitakuwa na hesabu za maji ya chumvi kali na za maji ya mvua, ambazo bila hizo mbili hatutajua kama chawa wetu ni wale wanaokufa katika maji yasiyo na chumvi au ni wale wasiojali.